Lebo Iliyolowa

Maboksi mawili yameshuka alfajiri,
yametoka pwani yakapita Chalinze, Gairo, Kibaigwa,
barafu ikawa maji, maji yakawa harufu,
na mlinzi wa geti la chuo akaziba pua kwa kofia.

Moja limeandikwa Mtwara.
La pili lebo imelowa, wino umekimbia,
imebaki herufi ya mwisho tu: a.
Tanga? Kilwa? Mafia?
Pwani nzima inaishia na a.
Hata Dodoma.

Lugendo, dereva, anatia saini huku anapiga miayo:
"Dada Mbeho, samaki ni samaki."

Kule Mtumba wanasubiri neno moja.
Nguru hawa ni kundi moja au mawili?
Wapate kugawa nyavu, na miezi ya kufunga maji.
Mimi bahari nimeiona mara mbili maishani.
Hapa chumvi hutoka kwenye pakiti
na upepo wa Agosti hauleti ila vumbi,
umeshaingia mpaka chini ya lenzi.

Nachana tumbo la kwanza. Natafuta wapangaji.

Kwenye ini, mnyoo, amejikunja kama springi ya saa.
Kwenye matamvua, chawa wawili
wameng'ang'ania kama kupe sikioni mwa ndama.
Naandika: sita. Sufuri. Kumi na nne. Sufuri.
Mnyoo hana anwani, ana njia:
uduvi ulimeza yai, dagaa akala uduvi,
huyu akala dagaa,
na uduvi ule haukai kila maji.

Baba aliwajua ng'ombe wake kwa mkato wa sikio.
Wezi walipowapata
waliyakata masikio upya, juu ya alama yake,
na barazani baba akakosa la kusema.
Laiti angejua kusoma matumbo.

Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba ndicho kikujuacho.

Darasa la nne, Hombolo,
wavulana walishindana kukojoa damu
wakidhani ndio ukubwa.
Sisi wasichana tulinyamaza nayo.
Akaja nesi na fimbo yenye rangi,
akatupima urefu mmoja mmoja:
wa kijani vidonge viwili, wa njano vitatu.
Mimi nilisimamia vidole, nionekane mrefu,
nikapewa vinne, vichungu kama kosa.

Miaka kumi baadaye, Morogoro, nikiwa na homa,
daktari nisiyemjua aliinua jicho kutoka kwenye darubini.
Hakuniuliza kabila, hakuniuliza jina la baba.
"Umekulia bwawa gani?"
Yai lenye mwiba mkiani
lilikuwa limetangulia kunitambulisha.

Saa kumi jioni mgongo unauma.
Boksi la pili si la Mtwara, hilo naliona bila hesabu:
springi za ini ni chache,
na utumbo umejaa wengine, wafupi, weupe,
wale wa daftari la mwaka jana, ukurasa wa Tanga.
Naandika: makundi mawili.

Isipokuwa namba kumi na tisa.

Yeye ana wote. Springi nane, weupe ishirini na mmoja,
wa kusini na wa kaskazini wamepanga chumba kimoja
wala hawagombani.
Nimehesabu mara tatu. Nimebadilisha kisu.

Bi Semgomba wa usafi amesimama mlangoni na sufuria.
"Wamekufa wote?"
"Wamekufa."
"Basi nipe vichwa, leo nimechoka mlenda."
Nimempa vichwa hamsini na tisa.

Barua ya Mtumba nimeifunga na neno lao moja.
Namba kumi na tisa nimemrudisha kwenye friza, mzima na kichwa chake.
Kwenye lebo mpya nimetumia penseli, penseli haikimbii maji:
namba, tarehe, uzito.
Palipoandikwa mahali
nimeacha wazi.